Ziwa Moja, Mipira Miwili: Safari ya Mwadi Mabika

Mwaka 2002 ilipotangazwa orodha ya wachezaji watano bora wa msimu wa WNBA, ligi ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Marekani, majina manne hayakumshangaza mtu: Lisa Leslie, Sheryl Swoopes, Tamika Catchings na Sue Bird. Wote wanne ni zao la vyuo vikuu vya Marekani, na wote waliwahi au walikuja kuvaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Jina la tano lilikuwa la Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye hakupitia ligi za vyuo vya huko na ambaye Olimpiki yake ya pekee ilikwisha bila timu yake kushinda hata mchezo mmoja.

Msomaji wa Sumbawanga anaweza kuuliza habari hii inamhusu nini. Kinshasa iko mbali, kilomita zipatazo 1,500 magharibi ya Ziwa Tanganyika kwa mstari ulionyooka. Lakini Kongo yenyewe si mbali. Ukisimama Kirando, wilayani Nkasi, siku ambayo hewa imetakata, milima ya Marungu unaiona kwa macho ng'ambo ya maji. Na sababu zilizomfanya binti wa upande ule akue akidunda mpira wa kikapu, huku wenzake wa Ufipa wakikua na netiboli, zilianza palepale ziwani, karibu miaka mia moja kabla Mabika hajazaliwa.

1879–1961: Mpaka unapita majini

Wabelgiji walikuwa Karema kabla Wajerumani hawajafika. Mwaka 1879 watu wa chama cha Mfalme Leopold II walijenga kituo pale, pwani ya mashariki ya ziwa, na mwaka 1883 wakajenga kingine Mpala, ng'ambo ya pili. Wakuu wa Ulaya walipogawana ardhi mjini Berlin, Karema ikaangukia upande wa Mjerumani. Leopold hakuwa na haja tena ya vituo hivyo, na mwaka 1885 vyote viwili vikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie. Kwa hiyo kwa muda mapadri wa shirika moja walifundisha katekisimu ileile pande zote mbili za ziwa, mbele ya watoto waliokuwa wanafanana kwa mengi.

Kilichowatenganisha watoto hao kilikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tanganyika ikawekwa chini ya Mwingereza, Kongo ikabaki kwa Mbelgiji, na kila mmoja akaleta shule zake, vitabu vyake na mipira yake.

Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Massachusetts. Ulipovuka bahari kwenda Uingereza, walimu wa kike waliupunguza makali ili uwafae wasichana waliovaa sketi ndefu: usikimbie na mpira, usiudunde, usimsogelee mwenzio, kila mtu abaki kwenye eneo lake. Hiyo ndiyo netiboli, mdogo wake kikapu kwa tumbo moja. Waingereza wakaisambaza popote walipotawala, kutoka Jamaika hadi Australia, na hapo katikati Tanganyika. Katika shule za wasichana za koloni la Mwingereza, kusema michezo kulimaanisha netiboli.

Upande wa Mbelgiji netiboli haikufika. Huko kikapu kilibaki kama Naismith alivyokiacha, kwa wavulana na kwa wasichana. Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, palikuwa na padri wa shirika la Scheut, Raphaël de la Kethulle, aliyeamini kwamba kijana asiye na kiwanja atatafuta shari. Alihamasisha ujenzi wa viwanja na vyama vya michezo mjini humo hadi kifo chake mwaka 1956, na wenyeji wakamwita Tata Raphaël. Uwanja unaobeba jina lake ndipo mwaka 1974 Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman. Mkoloni ni mkoloni, na sina nia ya kumpamba padri yeyote. Ila viwanja vilibaki baada ya mkoloni kuondoka, na viwanja ndivyo hadithi hii inavyovihitaji.

1965–1994: Zaire ya mabingwa

Mobutu alichukua madaraka ya Kongo, ambayo baadaye aliiita Zaire, mwaka 1965 na mapema tu akatambua kwamba bendera hupepea vizuri zaidi kwenye uwanja wa michezo. Timu ya soka ikatwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 na 1974, na mwaka huohuo wa 1974 ikaenda Kombe la Dunia. Hayo yanasimuliwa hadi leo. Yasiyosimuliwa sana ni ya wanawake wa kikapu. Katika bara ambalo Senegal ilikuwa imezoea kubeba ubingwa wa wanawake kana kwamba ni mali ya ukoo, Zaire iliwapokonya mwaka 1983, ikarudia 1986, na ikarudia tena 1994.

Mabika alizaliwa tarehe 27 Julai 1976. Ubingwa wa pili ulipopatikana alikuwa mtoto wa miaka kumi katika mji ambao wanawake wa kikapu walikuwa mabingwa wa bara zima. Kwa binti wa rika lake Kinshasa, kushika mpira ule na kuudunda barazani halikuwa jambo la kuelezewa kwa mzazi.

Halafu nchi ikaanza kubomoka. Septemba 1991 wanajeshi ambao hawakuwa wamelipwa waliipora Kinshasa, na Januari 1993 wakaipora tena. Viwanda vilifungwa, noti zikapoteza thamani. Ni ajabu, basi, kwamba ubingwa wa tatu ulikuja baada ya hayo yote, Afrika Kusini mwaka 1994, na ndio uliowapa wanawake wa Zaire tiketi ya Olimpiki ya Atlanta. Serikali ilikuwa hoi, lakini mafunzo ya miaka thelathini yalikuwa bado miguuni mwa wachezaji.

Ni haki kutaja hapa kwamba na Afrika Mashariki ilikuwa na saa yake. Mwaka 1993, kwenye mashindano ya Afrika mjini Dakar, Kenya ilifika fainali na kufungwa na Senegal. Mwaka uliofuata wanawake wa Kenya walicheza ubingwa wa dunia Australia, wakamaliza wa mwisho kati ya timu 16. Kwetu watu hucheka nafasi ya mwisho. Kilichotokea Atlanta kinaonyesha kwa nini tusicheke haraka.

Atlanta, 1996: Faida ya kufungwa

Timu ya wanawake ya Marekani iliyofika Atlanta haikuwa timu ya kawaida. Ilikuwa imekusanywa mwaka mzima kabla, ikazunguka dunia na kucheza michezo 52 ya maandalizi bila kupoteza hata mmoja. Ndani yake walikuwemo Lisa Leslie, Sheryl Swoopes, Dawn Staley na Teresa Edwards. Zaire ilipangwa nao kundi moja, na matokeo yakawa 107 kwa 47. Zaire ikapoteza michezo yake yote, ikashika nafasi ya 12 kati ya 12. Katikati ya michezo hiyo Mabika alitimiza miaka 20.

Ukiishia kwenye matokeo, hapo hakuna cha kusimulia. Lakini Aprili ya mwaka huo wakuu wa NBA, ligi ya wanaume ya Marekani, walikuwa wamepitisha uamuzi wa kuanzisha ligi ya wanawake, na Atlanta ikawa mnada wake. Ligi ilihitaji wachezaji wa timu nane, na macho yalikuwa yakitafuta vipaji katika kila jezi. Timu inayofungwa kwa pointi 60 inaweza kuwa na mtu mmoja ambaye si wa kufungwa. Mpira wa kikapu haufichi jambo hilo: mikono inaonekana, miguu inaonekana, na mtupo wa mbali unaingia au hauingii.

Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu viongozi wa michezo hupenda kusema hakuna haja ya kupeleka timu dhaifu nje, ni kupoteza fedha. Zaire ya 1996 ilikuwa timu dhaifu kuliko zote Atlanta. Isingekwenda, Los Angeles Sparks wa ligi hiyo mpya wasingempata Mabika.

Siku 35 za mwaka 1997

Oktoba 1996 vita vilianza mashariki ya Zaire. Wakimbizi wakavuka Ziwa Tanganyika kwa maboti kuingia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Waasi wa Laurent Kabila, mtu aliyewahi kuishi miaka kadhaa Tanzania, walitembea nchi nzima kutoka mashariki hadi magharibi, na tarehe 17 Mei 1997 wakaingia Kinshasa. Zaire ikafutwa, nchi ikaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Siku 35 baadaye, tarehe 21 Juni, mchezo wa kwanza kabisa wa WNBA ulichezwa Inglewood, California. Los Angeles Sparks waliwakaribisha New York Liberty mbele ya watazamaji 14,284 na kufungwa 67 kwa 57. Mabika alikuwa mchezaji wa Sparks. Jezi ya taifa aliyoivaa Atlanta iliandikwa jina la nchi ambayo sasa haikuwepo kwenye ramani.

Sparks wa mwaka huo walikuwa mkusanyiko wa kila aina. Alikuwepo Leslie, yule aliyekuwa upande wa 107 mwaka uliotangulia. Alikuwepo Zheng Haixia wa China, mwanamke wa mita 2.04. Mishahara ya ligi ilikuwa midogo, msimu wenyewe uliisha Agosti, na wachezaji wengi walikwenda kutafuta riziki Ulaya na Asia miezi iliyobaki. Mambo yalianza kwa kuchechemea: michezo 14 kushinda na 14 kupoteza mwaka 1997, kisha 12 kwa 18 mwaka 1998. Ligi ilikuwa ya Houston Comets, waliobeba ubingwa wa misimu yote minne ya kwanza.

2000–2003: Miaka ya Los Angeles

Mwaka 2000 Sparks walimpata kocha Michael Cooper, beki wa zamani wa Lakers, timu ya wanaume ya mji huohuo, aliyejulikana kwa kukaba. Wakashinda michezo 28 kati ya 32, ingawa Houston waliwatoa kwenye mchujo. Mabika aliitwa mchezo wa nyota wote mwaka huo, uliofanyika Phoenix.

Hapa inafaa kueleza alichokuwa akifanya uwanjani, maana orodha ya vikombe haimwonyeshi mtu. Mabika alikuwa na mita 1.80, na alicheza kama beki anayeweza pia kusogea mbele pembeni. Leslie alikuwa na mita 1.96, na hakuna timu iliyothubutu kumwachia mtu mmoja amkabe. Wawili walimzunguka, mara nyingine wa tatu alisogea kusaidia. Kila mlinzi anayekwenda kwa Leslie ameacha pengo mahali. Kazi ya Mabika ilikuwa kusimama kwenye pengo hilo kabla halijafunguka, magoti yamekunjwa kidogo, viganja tayari, nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mpira ukitoka ndani, ana sekunde moja. Mlinzi akichelewa, anatupa. Akija kwa pupa, anamdanganya kwa mtupo wa uongo, anadunda mara moja kumpita na kuingia ndani.

Kuna jambo dogo la vipimo ambalo huwa linanifurahisha. Mstari wa pointi tatu wa kimataifa, alioukuta Mabika ujanani, ulikuwa mita 6.25 kutoka kwenye pete. Ule wa WNBA ya mwanzo ulikuwa mita 6.02. Alitoka Kinshasa akiwa amezoea kutupa kutoka mbali zaidi ya wenyeji wake. Mwaka 2004 ligi iliusogeza mstari nyuma hadi mita 6.25, na wengine wakalalamika.

Mwaka 2001 Sparks walishinda tena michezo 28 kati ya 32. Safari hii waliwatoa Houston mapema, wakafika fainali na kuwafunga Charlotte Sting michezo miwili kwa sifuri, wa pili kwa 82 kwa 54. Charlotte waliongozwa na Dawn Staley, mwingine wa wale wa Atlanta. Ni miaka mitano tu tangu 107 kwa 47.

Msimu wa 2002 ulikuwa wake hasa. Alifunga wastani wa pointi 16.8 kwa mchezo, akaitwa tena mchezo wa nyota wote, na akaingia kwenye ile orodha ya watano bora. Wengi wanaukumbuka mwaka huo kwa sababu Leslie alikuwa mwanamke wa kwanza kudanki katika WNBA, tarehe 30 Julai. Picha hiyo ilizunguka dunia na kufunika mengine yote. Fainali waliicheza na New York Liberty. Mchezo wa kwanza, New York, Sparks walishinda 71 kwa 63. Wa pili, Los Angeles, matokeo yalikuwa 66 kwa 66 saa ikikaribia kuisha, na Nikki Teasley akatupa mpira wa pointi tatu uliozama zikiwa zimebaki sekunde 2.4. Sparks hawakupoteza mchezo hata mmoja wa mchujo mwaka ule.

Walitaka ubingwa wa tatu mfululizo mwaka 2003 na wakafika fainali kwa mara ya tatu. Detroit Shock, waliokuwa miongoni mwa timu dhaifu za ligi mwaka uliotangulia, waliwafunga michezo miwili kwa mmoja, wa mwisho 83 kwa 78 mbele ya watu 22,076.

2004–2008

Baada ya hapo Sparks hawakufika tena fainali akiwa nao. Makocha walibadilika, wamiliki, familia ya Buss, waliuza timu mwaka 2006, na mwaka 2007 Leslie akiwa mjamzito Sparks walishinda michezo 10 tu kati ya 34. Mabika alikuwa amekaa pale misimu kumi na mmoja, tangu siku ya kwanza ya ligi. Mwaka 2008 alihamia Houston Comets, wapinzani wa zamani. Huo ndio ukawa msimu wake wa mwisho WNBA, na Desemba ya mwaka huo Comets wenyewe wakavunjwa kwa kukosa mnunuzi.

Upande huu wa ziwa

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA na Memphis Grizzlies, na Tanzania ikajua kwamba kikapu kinaweza kumtoa mtu. Lakini Hasheem alikuwa mwanaume wa mita 2.21, na urefu wa namna hiyo haufundishwi. Madina Okot wa Kenya, ambaye mwaka 2025 alijiunga na Chuo Kikuu cha South Carolina kunolewa na Dawn Staley yuleyule, naye ni mrefu anayecheza chini ya pete. Kazi ya beki ni nyingine. Beki hutengenezwa kwa kuudunda mpira tangu utotoni, mkono wa kulia na wa kushoto, hadi macho yasiuangalie tena. Binti aliyelelewa na netiboli hufika sekondari akiwa na pasi safi na shabaha nzuri, kwa kuwa amezoea kulenga pete isiyo na ubao. Kudunda hajui. Sheria za mchezo wake zimemkataza kukimbia na mpira tangu darasa la tatu.

Siidharau netiboli. Peace Proscovia wa Uganda ameifanya kuwa ajira Uingereza na Australia, na mashindano ya UMISSETA yangepoa bila hiyo. Ninachosema ni kwamba msichana wa Ufipa hakuwahi kuulizwa anapenda mpira upi. Uliamuliwa na mstari uliochorwa majini, ukaendelea kwa mazoea, na hata leo mwenye kutaka kucheza kikapu cha wanawake kwa uzito lazima afikirie Dar es Salaam, kwenye timu kama Vijana Queens, JKT Stars au Don Bosco Lioness.

Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo nchi ya Mabika na yetu sasa ni za jumuiya moja. Hilo ni jambo la viongozi. La walimu wa michezo wa Rukwa ni rahisi zaidi. Kiwanja cha netiboli kina mita 30.5 kwa 15.25, cha kikapu mita 28 kwa 15: cha pili kinaenea ndani ya cha kwanza. Pete zote mbili huwekwa juu mita 3.05. Shule yenye kiwanja cha netiboli tayari ina eneo. Inachokosa ni mbao mbili, pete mbili pana zaidi, sakafu ya saruji ambayo mpira utadunda juu yake, na mwalimu wa kuwaambia wasichana wakimbie nao. Kamati ya shule inayopanga bajeti ya mwaka ujao iliingize hilo kwenye ajenda.